Ini la Sungura

Sehemu ya tisa

"Mbona mmeyafunga madirisha?"

Kwa swali hilo, msomaji, tuliachana Jumapili iliyopita. Aliyeuliza ni Amne binti Mabrouk, mwari aliyebakiza siku chache tu aolewe. Aliyeulizwa ni Bi Sichana, somo wake, ambaye amekuwa akimsinga na kumfunda tangu alipotiwa ndani. Na madirisha, kama unavyokumbuka, yalikuwa wazi yote mawili. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia mpaka katikati ya mkeka.

Bi Sichana aliyatazama madirisha. Aliketi pale pale na bakuli la singo, ile dawa ya kumsugulia mwari, mapajani.

"Bi Sichana, si nnakuuliza? Yafungue basi. Giza hili linanitia kichefuchefu."

"Yako wazi, mwanangu."

"Usinifanyie mzaha asubuhi yote hii."

"Sikufanyii mzaha. Jua limekupiga usoni."

Amne aliinua mkono akaligusa shavu lake. Lilikuwa na joto. Hapo ndipo alipofahamu, na hakupiga ukelele. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto:

"Niitie kaka Kheir."

Kheir ni kaka yake wa pekee, daktari wa mifugo, na tangu mama yao afariki ndiye aliyekuwa akimsimamia dada yake katika kila jambo. Alikuwa chini ukumbini na baba yao wakipanga mahali pa kuketi wageni. Sauti ya Bi Sichana iliposhuka ngazini, wote wawili walipanda.

Aliyetangulia kufika ni baba. Mzee Mabrouk ni mwadhini wa msikiti mmoja wa Mkunazini, mtu wa maneno machache, naye aliishia kizingitini, kwa kuwa chumba cha mwari hakiingiwi ovyo.

"Kuna nini?"

"Mwari haoni," alisema Bi Sichana.

"Haoni nini?"

"Haoni kitu, Mzee."

Mzee Mabrouk alikunja uso. Kisha alisema neno ambalo angelitamani baadaye kulirudisha kinywani.

"Juzi alitaka harusi iahirishwe, nikakataa. Leo kapofuka. Mambo yanafuatana vizuri."

"Baba," alisema Amne. Uso wake aliuelekeza kwenye kabati la nguo, na baba yake alikuwa upande wa pili kabisa wa chumba. "Baba, njoo karibu. Sikuoni."

Mzee aliitazama shingo ile ya binti yake, iliyonyooshwa kwa heshima mbele ya kabati.

Kheir alimpita baba yake, akapiga magoti kitandani, akawasha taa ya simu na kuimulika katika jicho la dada yake. Mboni ilikuwa pana, nyeusi, imetanda. Taa ilisogea karibu. Mboni haikusinyaa hata kidogo. Akajaribu jicho la pili, na hali ilikuwa ni ile ile.

"Hili haliigizwi, Baba," alisema. "Mtu anaweza kudanganya kwa ulimi. Kwa mboni hawezi."

"Basi ni jini," alidakia Bi Sichana. "Nyumba hizi za kale zina wenyewe. Tumwiteni mtu amsomee."

"Asomewe. Lakini atasomewa hospitali."

"Mwari hatoki nje kabla ya siku yake, Kheir. Watu watasema nini?"

"Watasema haoni. Na watakuwa wamesema kweli."

Aligeuka kwa Amne. "Skiza, dada. Lilianza lini?"

"Kichwa kinaniuma tangu juzi. Na tumbo. Kisha nikawa nnaona weupe, kama mtu aliyetiwa ndani ya tui. Nikadhani ni hofu ya harusi. Ndiyo maana nikaomba iahirishwe. Si kwamba mchumba wangu Nadir nnamchukia, Baba. Nilikuwa nnaumwa."

Mlangoni, Mzee Mabrouk aliivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Umekula nini ambacho sisi hatukula?" Kheir aliendelea.

"Chakula chetu kimoja."

"Umekunywa nini?"

"Maji. Uji. Chai ya tangawizi."

Bi Sichana alikohoa. "Isijekuwa yale marashi mapya? Yale ya Talib. Nimekuwa nikiikandia singo yake kila siku, asubuhi na jioni, kisha nnamfunika gubigubi."

"Marashi siyo," alisema Kheir, upesi mno.

Hapa, msomaji, sharti nikukumbushe jambo, kwa sababu ndilo lililobeba uzito wote wa mkasa huu. Talib ni mchanganyaji wa manukato huko Mwanakwerekwe. Mwezi huu wa Shaaban, ambao harusi zimesongamana kabla ya Ramadhani, alipata pipa la spiriti ya bei nafuu ya kuyeyushia mafuta ya asumini na mawaridi. Pipa lilikuwa limebanduka lebo. Kheir hakutaka dada yake apakwe kitu asichokijua, kwa hiyo aliichukua chupa nzima kwake, akawanyoa manyoya sungura wake mgongoni na kuwapaka marashi yale kila siku, na mengine akawatilia katika maji ya kunywa. Sungura walikula, wakanenepa, wenye mimba wakazaa. Ndipo akasema: yanafaa.

Hakufanya uvivu, wala hakupokea hongo. Alipima kwa uaminifu kama alivyofundishwa chuoni.

"Sungura wangu wazima mpaka leo asubuhi," alisema. "Nimewapa majani kwa mkono wangu. Yangekuwa na sumu wangekufa wao kwanza, maana wana miili midogo."

Bi Sichana hakubishana. Alirudi kwenye sinia lake la asumini, akaendelea kufunga kikuba cha maua ya mwari. Na ni katika kumtazama tu, bila kutafuta kitu, Kheir alipoona kwamba vidole vya mama yule vilikuwa vikipapasa sinia zima kabla ya kulipata ua moja.

"Bi Sichana."

"Naam."

"Nitilie uzi katika sindano hiyo."

"Sindano ya nini saa hizi, na mwari yuko katika hali hii?"

"Nitilie tu."

Alichukua uzi, akaulowesha kwa ulimi, akaupeleka kwenye sindano. Ulipita pembeni. Akarudia, ukapita pembeni tena, mbali zaidi. Akavitua vyote viwili mapajani.

"Tangu lini?" aliuliza Kheir.

"Tangu jana," alisema mama yule. "Kama ukungu. Nikanyamaza. Somo asiyeona atakabidhiwa mwari wa nani? Nikadhani uzee umenifikia. Nikawa nnafunga vikuba kwa kupapasa."

Watu wawili, chumba kimoja, maradhi mamoja. Mmoja alipakwa mwili mzima akafunikwa. Mwingine alipaka kwa viganja vyake akanawa. Wa kwanza amezama gizani, wa pili yumo ukunguni.

Kheir aliinuka. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Mvisheni buibui," alisema. "Wote wawili twende. Sasa hivi."

*

Daktari Munir wa hospitali ya mjini alisoma skuli moja na Kheir, dawati moja, mpaka mmoja alipokwenda kusomea watu na mwingine wanyama. Walizoea kutaniana kwa hilo. Siku hiyo utani haukudumu.

"Umeniletea mgonjwa wa miguu miwili," alisema Munir alipowapokea. Kisha alimwona ni nani aliye ndani ya buibui, na akaacha.

Alimpima Amne. Alimpima Bi Sichana. Alitazama jinsi Amne alivyokuwa akihema, haraka na kwa kina, ijapokuwa alikuwa amelala bila kufanya lolote. Akanusa kichupa cha marashi. Akamwaga tone kwenye kigae na kulisubiri likauke.

"Spiriti ya namna gani hii?"

"Ya manukato. Ndivyo alivyosema Talib."

"Nakuuliza wewe, si Talib."

"Sijui jina lake. Nimeipima kwa sungura, Munir. Kwa ngozi na kwa kinywa. Hakuna aliyepata hata chafya."

Munir alivuta kiti akaketi mbele yake. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo begani na hataki aanguke.

"Hii nnaidhani ni ile ya viwandani, ya kuyeyushia rangi. Ikipakwa kidogo hukauka ikaondoka. Ikifunikwa mwilini, kila siku, ndani ya chumba, inaingia. Na yenyewe kwanza si sumu kali, Kheir. Sumu inatengenezwa na ini. Ini linaipokea, linaigeuza mara moja, linaigeuza mara ya pili, inakuwa asidi. Unawajua maji moto, wale sisimizi wekundu wa mikarafuu?"

"Nani asiyewajua?"

"Asidi yao ndiyo hiyo hiyo. Sasa sungura ana ini linaloichoma asidi ile upesi, haiwahi kurundikana. Panya vile vile. Mbwa vile vile. Ini langu na lako linasuasua. Asidi inajaa katika damu, na mshipa wa jicho ndio wa mwanzo kuungua. Ungelitaka mnyama wa kukwambia kweli, ungelimpaka kima punju wa Jozani. Ini lake ndilo la ukoo wetu."

"Kima punju wanalindwa na sheria."

"Ndiyo. Na sungura hawalindwi na mtu, ndiyo maana ukawauliza wao."

Kheir alitazama sakafu. "Kwa hiyo wamenidanganya."

"Hawakukudanganya. Wamekujibu kuhusu sungura."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya pazia, Amne alisikika akiuliza nesi kama kumeshakuchwa. Ilikuwa saa tano ya mchana.

"Ataona tena?" aliuliza Kheir.

"Ikiwa tutalizuia ini lake lisiendelee kutengeneza sumu, pengine. Tukichelewa, macho yamekwenda. Tukichelewa zaidi, si macho tu." Munir alishusha sauti. "Iko dawa maalumu. Sinayo. Nimeshaiomba Dar es Salaam, itakuja kwa ndege kesho. Mashine ya kusafisha damu ina mgonjwa ambaye akitolewa atakufa. Nimeshamtundikia dripu ya kupunguza asidi. Lakini cha kulizuia ini, leo hii, ni kimoja tu."

"Kitaje."

"Pombe kali."

Mzee Mabrouk, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukutani na tasbihi yake, aliacha kuhesabu.

"Ini lina njia moja," aliendelea Munir, sasa akizungumza na mzee. "Pombe ya kunywa na spiriti hii zote hupita njia hiyo hiyo, na ini huipenda zaidi ya kunywa. Likiipata hiyo, huiacha ile nyingine, nayo hutoka mwilini polepole bila kugeuka sumu. Si kumlevya, Mzee. Ni kulishughulisha ini."

Kheir alijiandaa kwa vita. Alimjua baba yake. Mwaka jana tu mzee huyu alikwenda mpaka Paje, akasimama mbele ya watu na kupinga baa mpya iliyokuwa ikijengwa jirani na skuli. Pombe ilikuwa haitajwi nyumbani kwake ila kwa kulaaniwa.

"Baba, ni dharura, na dharura—"

"Usinifundishe dini, Kheir," alisema Mzee Mabrouk. "Nimesikia. Mpeni."

Kheir na Munir walimtazama.

"Mnangoja nini?" aliuliza mzee. "Mpeni. Nyote mnanitazama kana kwamba mimi ndiye chupa."

*

Lakini kuruhusu ni jambo moja, na kupata ni jingine.

Wiki ile shehena za vinywaji zilikuwa zimekwama bandarini kwa mzozo wa vibali. Kheir alipiga simu hoteli baada ya hoteli za Mji Mkongwe. Wakamjibu: bia chache, mvinyo, pombe kali hakuna. Mtu mmoja alimwambia anaweza kumletea chupa ya kienyeji kutoka kichochoroni, na Munir akaipokonya simu na kuikata.

"Isiyojulikana ilikotoka siitaki," alisema. "Tusije tukamzidishia sumu ile ile. Nnataka chupa iliyofungwa kiwandani, iliyokaa mahali panapoaminika."

Ndipo Kheir akamkumbuka bwana harusi.

Nadir ni kijana wa Makunduchi, mpole, anayefanya kazi katika hoteli moja ya watalii huko Paje. Alipokuja kuposa, Mzee Mabrouk alimuuliza kazi yake, naye akajibu: "Nipo ofisini, Mzee." Mzee akaridhika.

"Nadir," alisema Kheir kwenye simu, "Amne anaumwa, yuko hospitali." Alimweleza yote. "Nnajua wewe ni mtu wa ofisini, lakini huwezi kumuomba mhusika wa hapo hotelini atuuzie chupa moja?"

Upande wa pili ulisikika mlio wa funguo.

"Nnakuja," alisema Nadir.

Alifika amelowa jasho, na chupa ameifunga ndani ya taulo la hoteli. Munir alikikagua kizibo, akatikisa kichwa kuridhia, akaingia nayo nyuma ya pazia.

"Allah akulipe, mwanangu," alisema Mzee Mabrouk. "Nimwambie nani ahsante? Nani amekuuzia?"

Nadir angeweza kusema uongo. Ulikuwa mwepisi, na hakuna ambaye angeuchunguza siku ile.

"Hakuna aliyeniuzia, Mzee. Nimeichukua stoo. Funguo za stoo ya vinywaji nnazo mimi."

"Unazo kwa nini?"

"Ndiyo kazi yangu. Nnapokea, nnapanga, nnatoa kwa watu wa baa."

Mzee Mabrouk alisimama. Hakupandisha sauti. Angalipandisha, pengine ingelikuwa afadhali.

"Ulinambia upo ofisini."

"Stoo ina meza, Mzee. Nilijua ungenikatalia."

"Ulijua sawa." Alimtazama kijana kwa muda. "Nnakushukuru kwa chupa. Mwenyezi Mungu ataihesabu. Harusi haipo. Nenda."

Nadir alitazama pazia, akamtazama Kheir. Kheir aliyainamisha macho. Kijana alilikunja taulo lake tupu akaondoka.

Nyuma ya pazia Munir alikuwa ameshachanganya kinywaji na maji ya machungwa. Bi Sichana alipewa chake kwanza.

"Mie nimekula chumvi yote hii sijapata kukionja," alisema, akikishika kikombe kama kina nge. "Nikiulizwa kesho mbele ya Mola nitakutaja kwa jina, Munir. Na la baba yako nnalijua." Akanywa, akakunja uso. "Na kumbe watu wanauza mashamba kwa hiki?"

Nesi alicheka. Amne hakucheka. Kikombe kilipomgusa mdomo, aliufumba.

"Kunywa, Amne," alisema Kheir.

"Sinywi."

"Unahema kama mtu aliyepanda mnazi. Kunywa."

"Pazia si ukuta, kaka. Nimeyasikia." Aliuelekeza uso wake upande wa mlango, na safari hii hakukosea. "Baba. Chupa yake inafaa, mwenyewe hafai?"

Mzee Mabrouk alilivuta pazia kidogo, akasimama pale pale.

"Mimi niinywe halafu nipone, yeye afukuzwe kwa kuishika? Nieleze, Baba. Wewe ndiye uliyenisomesha."

"Ameilaghai nyumba yangu."

"Na mimi uliniambia nalaghai, asubuhi hii. Nilikuwa mgonjwa."

Munir alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mzee. Alikuwa na njia nyingine, mpira wa kupitisha puani, lakini alijua kwamba mgonjwa anayepigana hufa akiwa amechoka.

Mzee Mabrouk aliingia nyuma ya pazia. Alikichukua kikombe kutoka mkononi mwa mwanawe. Harufu ilimfika, na kope zake zikatetemeka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono wake nyuma ya kichwa cha binti yake kama alivyokuwa akifanya zamani kumnywesha dawa ya homa.

"Ya Nadir tutayazungumza ukiwa unaniona," alisema. "Hivi sasa kunywa. Dhambi ikiwapo, na iandikwe kwangu."

"Utamsikiliza?"

"Nitamsikiliza."

Amne alikunywa mpaka mwisho. Alikohoa, akalia kidogo, akamshika baba yake mkono wa kanzu na hakuuachia.

*

Adhuhuri ilipita. Kikombe kilirudiwa, na kikarudiwa tena, kidogo kidogo, kwa kipimo cha Munir. Pumzi za Amne zilianza kutulia. Kheir alikwenda nje na kumpigia Talib, akamwambia ayatoe sokoni marashi yote bila kuuliza. Talib aliuliza.

"Kwani yana nini, Dokta? Watu wanayagombania. Hata jina lako nimelitia."

"Umelitia wapi?"

"Kwenye chupa, bwana. Imepimwa na Daktari Kheir. Limenifaa sana."

Kheir alikuwa bado ameishika simu sikioni alipoona teksi ikisimama mbele ya mlango wa hospitali. Akashuka mwanamke wa makamo, akamshusha msichana aliyejitanda, mikono na miguu ina hina mbichi. Msichana alikanyaga hewa mahali pasipokuwa na ngazi, akaanguka kwa magoti.

"Shika ukuta, Khairat," alisema mwanamke. "Ukuta uko hapa." Kisha akamwona Kheir. "Mwanangu, nionyeshe daktari. Mwari wangu tangu alfajiri haoni. Nimeyaleta na marashi tuliyompaka, lakini hayo hayana neno, yamepimwa." Akamnyoshea chupa. "Soma mwenyewe."

Kheir hakuwa na haja ya kusoma. Alimbeba msichana yule mikononi akaenda naye ndani mbio.

Munir alimwona, akaelewa kabla hajaambiwa. Aliweka mboni za Khairat mwangani. Alisikiliza pumzi zake. Alipomgeukia Kheir, alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Hali yake ni mbaya kuliko ya Amne. Na chupa ni moja. Kwa wawili ingetufikisha kesho. Kwa watatu haifiki."

"Anakuja mwingine," alisema Kheir. "Watakuja wengine. Jina langu liko kwenye kila chupa."

"Basi nnahitaji stoo nzima. Yuko wapi yule kijana?"

Wote wawili walimtazama Mzee Mabrouk.

Mzee alisikia. Alikuwa bado ameketi kitandani, mkono wa kanzu yake ungali katika ngumi ya Amne. Aliitoa simu mfukoni kwa mkono wa pili, akamnyoshea Kheir.

"Nitafutie namba yake. Mimi ndiye niliyemfukuza, nitamwita mimi."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, sauti haikuwa ya Nadir.

"Nani mwenzangu?"

"Namtaka Nadir."

"Nadir yuko mahabusu hapa kituoni. Amerudi hotelini mwenyewe akasema amechukua chupa bila ruhusa, mwenye hoteli akatuita. Na funguo ameshazirejesha. Wewe nani? Ni nani wake?"

Mzee Mabrouk alimtazama binti yake. Amne alikuwa amegeuza uso kuielekea sauti ya baba yake, macho yamefumbuka, anangoja jibu lile lile analolingoja askari.

"Mimi ni mkwewe," alisema. "Baba wa mkewe. Mabrouk, mwadhini wa Mkunazini. Na chupa hiyo mnayoiuliza ninayo mimi. Nimemnywesha binti yangu kwa mkono wangu, naye yuko hospitali ya mjini. Mwachieni. Kama kuna wa kufungwa, nipo."

Vidole vya Amne vilikaza katika kanzu.

Askari alikohoa. Alipozungumza tena, alizungumza kwa adabu, na adabu hiyo ilimtisha mzee kuliko ukali.

"Shikamoo, Mzee. Nimekufahamu. Ulikuja hapa mwaka jana kwa ile baa."

"Marahaba. Basi mwachie."

"Siwezi, Mzee. Kesi imeshafunguliwa. Lakini umenisaidia jambo moja, maana chupa tulikuwa hatujui iko wapi, na hiyo ndiyo kielelezo. Isimwagwe, isinywewe hata tone. Nnawapigia wenzetu wa mjini hivi sasa, watafika hapo baada ya dakika chache kuichukua."

Simu ikakatika.

Mbele ya kitanda, Munir alikuwa ameinamisha chupa juu ya kikombe cha Khairat. Nyuma yake Bi Sichana alikuwa ameunyosha mkono hewani, akikitafuta chake. Na chini, kwenye lango la hospitali, honi ya gari ililia mara moja, na mlango wake ukafunguliwa.

"Baba," aliuliza Amne, "ni nani hao wanaokuja?"